UZI: Mtafiti akija kupima maji au hewa yenu, kubalianeni kwanza swali ni la nani na majibu yanarudi kwa nani

Kokoto (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome nusu aje amalizie baadaye, ila naomba tusiuache uzame maana unatugusa wote, uwe na mto karibu, kiwanda karibu, dampo karibu au kisima tu unachokitilia shaka.

Siku hizi hakuna mradi wa mazingira usiosema unashirikisha jamii. Ukisogea karibu unakuta kushirikisha kwenyewe ni wananchi kuitwa kwenye kikao, kusaini karatasi ya mahudhurio, kubeba chupa za sampo (sampuli za kupima), basi imeisha hiyo. Swali walishaliandika wenyewe kabla hawajafika, bajeti imeshapangwa, na majibu yakitoka yanaenda kwenye jarida ambalo waliobeba chupa hawatakaa walione. Hoja yangu ni moja tu na nimeifikiria kwa muda mrefu: ushirika wa wanasayansi na wananchi unapimwa kwa kuangalia nani kauliza swali na majibu yamerudi kwa nani. Posho, fulana na picha za pamoja ni mapambo.

Na msidhani nawapigania wananchi kwa huruma tu. Sayansi yenyewe inaharibika ukiwaacha pembeni wanaoishi na tatizo. Chukueni hiki kisa cha wafugaji wa kondoo wa Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, wingu likatembea Ulaya, mwanzoni mwa Mei mvua ikapiga sana kwenye milima ya Cumbria ikashusha sesiamu yenye mionzi kwenye malisho. Mwezi Juni serikali ikapiga marufuku kuhamisha na kuchinja kondoo wa maeneo hayo, ikasema ni wiki 3 tu mambo yatakaa sawa. Walikuwa na sababu, wataalamu walijua sesiamu ikiingia ardhini inashikwa na udongo na haipandi tena kwenye majani. Na kweli inashikwa, ila kwenye udongo wa mfinyanzi. Kule milimani udongo ni ule mweusi wa majani yaliyooza miaka na miaka, una asidi, hauishiki. Kwa hiyo nyasi inaivuta, kondoo anakula, anajisaidia, inarudi ardhini, nyasi inaivuta tena. Wiki 3 zikageuka miaka, vizuizi vya mwisho viliondolewa 2012. Miaka 26 wakuu.

Afu sikieni hili. Katikati ya hayo yote wataalamu wakaja na jaribio la kumwaga bentonaiti, aina ya udongo unaonyonya sesiamu, kwenye vipande vya malisho, kila kipande na kiasi chake, wakazungushia uzio, wakaweka kondoo ndani ili wapime tofauti. Wafugaji wakawaambia hawa kondoo wamezoea kuzunguka mlima wazi, ukiwafungia hapo watadhoofika na vipimo vyako havitakuambia kitu. Hawakusikilizwa. Baadaye jaribio likaachwa kimyakimya kwa sababu zilezile walizosema wafugaji. Aliyeyaandika haya ni Brian Wynne, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Lancaster, ambaye alikaa na hao wafugaji akawasikiliza, kitu ambacho wenzake wa mionzi hawakufanya.

Mfugaji hakuwa anajua fizikia ya sesiamu. Alikuwa anajua kondoo na anaujua mlima, na hivyo ndivyo vitu viwili vilivyokosekana kwenye hesabu za wataalamu. Sasa nataka tujadili, mahali ambapo huu ushirika umefanya kazi ulifanyaje, na mahali ulipokufa uliuawa na nini. Nawasilisha.

mama_wawili

Asante mkuu kwa huu uzi. Sisi walikuja watu wa mradi fulani siwataji, wakatugawia chupa, kila asubuhi tunachota maji ya mtoni tunaandika tarehe na saa, tunawapa. Tulifanya kwa moyo sana maana watoto walikuwa wanaumwa matumbo na tulitaka kujua ni mto au ni kitu kingine. Wakaondoka. Tulipofuatilia ofisini kwao tukaambiwa data ni mali ya mradi. Yani maji ni yetu, matumbo ni ya watoto wetu, kujua sasa ndo sio haki yetu. Mpaka leo sijui yale maji yalikuwa na nini.

Mpimaji

Mama_wawili pole sana, hilo lililowapata ni baya na kiukweli ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Ila Kokoto ngoja niweke upande wa pili maana mimi kazi yangu ni maabara. Sio kila sampo inayoletwa na mwananchi ina maana. Naletewa maji kwenye chupa ya soda iliyosuuzwa juujuu, imekaa juani, haina lebo, mtu anataka nimwambie kama yana vijidudu. Vijidudu gani, vya mto au vya chupa? Mwingine ana hasira na kiwanda, anaenda kuchota palepale bomba linapomwagia, siku ileile maji yamebadilika rangi, halafu anasema mto wote uko hivyo. Ukipeleka data ya namna hiyo mbele ya mwanasheria wa kiwanda inachanwa ndani ya dakika 5, na mkishachanwa mara moja hakuna atakayewasikiliza tena hata mkija na data nzuri. Kwa hiyo mimi nasema mwananchi aulize swali, sawa, ila upimaji awaachie wenye kazi yao.

Kokoto (mleta uzi)

Mpimaji nimekusoma na la chupa ya soda uko sahihi kabisa. Ila hapo pa kuwaachia wenye kazi yao ndipo tunapoachana, na nitakupa Flint.

Flint ni mji wa Michigan, Marekani. Aprili 2014 waliacha kununua maji ya Detroit yanayotoka Ziwa Huron wakaanza kuchota Mto Flint ili kubana matumizi. Maji ya mto yalikuwa yanakula mabomba zaidi, na hawakuweka dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo madini ya risasi (lead) yenye sumu yaliyokuwa yametulia kwenye mabomba ya zamani yakaanza kuachia na kuingia kwenye maji ya kunywa. Wakazi wakalalamika mapema tu, maji yana rangi, yananuka, watoto wana vipele. Wakaambiwa maji ni salama. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kutumia yale maji kwa sababu yanaharibu vyuma vyake. Chuma kilisikilizwa kabla ya watoto.

Sasa wenye kazi yao walikuwa wapi? Walikuwa wanapima! Tatizo ni jinsi walivyopima. Risasi inatoka kwenye bomba maji yakiwa yamelala, ndio maana inatakiwa maji yakae angalau masaa 6 bila kuguswa, halafu unakinga yale ya kwanza kabisa. Maelekezo waliyopewa wakazi yalisema fungua bomba kwanza dakika kadhaa jioni yake maji yapite. Ukifanya hivyo umeshaosha ushahidi kabla hujaukinga. Kitaalamu kila kitu kinaonekana kipo, chupa safi, lebo, maabara, sahihi, na majibu hayana maana.

Aliyevunja huo ukuta ni mkazi, LeeAnne Walters, mama wa watoto wanne. Mapema 2015 maji ya nyumbani kwake yalikutwa na risasi sehemu 104 kwa bilioni, wakati kiwango cha serikali cha kulazimika kuchukua hatua kilikuwa 15. Akasoma nyaraka za mamlaka ya maji mwenyewe akagundua dawa ya kutu haiwekwi, akamtafuta Marc Edwards, profesa wa Virginia Tech anayejua mambo ya mabomba na risasi. Walipopima upya nyumba yake kuna sampo ilivuka 13,000, na maji yakifika 5,000 tu kwa sheria zao yanahesabika taka hatari.

Hapo ndipo ushirika ulipoanza. Chuo kikatuma vifaa 300. Kila kimoja kina chupa 3: ya kwanza unakinga mara tu unapofungua bomba, ya pili baada ya sekunde 45, ya tatu baada ya dakika 2. Ukizilinganisha hizo tatu unajua risasi inatoka kwenye bomba la ndani ya nyumba au kwenye lile linalotoka barabarani. Wakazi ndio waliogawa nyumba kwa nyumba, wakaelekezana namna ya kukinga, wakakusanya, zaidi ya 250 zikarudi. Ni kiwango ambacho watafiti wengi hawakipati hata wakilipa watu. Na walihakikisha nyumba zinatoka mji mzima, sio zile zenye hasira tu. Septemba 2015 daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akaongezea data za damu kutoka hospitali, zikaonyesha watoto wenye risasi juu ya kiwango wameongezeka karibu mara mbili tangu maji yabadilishwe. Mwezi Oktoba mji ukarudishwa kwenye maji ya Detroit.

Kwa hiyo mkuu sikatai viwango, navitaka kuliko wewe. Ninachosema, mwananchi akifundishwa KWA NINI maji yalale masaa 6, anapima vizuri kuliko fundi aliyetumwa na ofisi isiyotaka kukuta kitu.

Mpimaji

Hiyo sentensi ya mwisho nimeikubali. Na kiukweli hapo kwenye kufundisha kwa nini ndipo tunapokosea sisi wa maabara, tunawapa watu hatua 1 hadi 10 kwenye karatasi bila sababu, mtu akibanwa na kazi anaruka hatua ya 4 maana haoni faida yake.

Niongezee mambo mawili kwa yeyote atakayefanya hivi. Moja, kila sampo 10 moja iwe pacha, yani chupa mbili mahali pamoja dakika ileile, majibu yakitofautiana sana ujue kuna shida kwenye ukingaji. Mbili, beba chupa moja uliyojaza maji safi ya maabara, itembee na nyingine zote, ifunguliwe na kufungwa palepale mnapochotea. Ikikutwa na uchafu, uchafu umetoka kwenye chupa au mikono na sio mtoni. Ukiwa na hivyo viwili hata mwanasheria wa kiwanda anapata kazi.

TopeNaMaji

Naomba nitoke kwenye uchafuzi kidogo niende kwenye kurejesha mazingira, maana huko hela nyingi inapotea kwa ugonjwa huohuo.

Mikoko. Kila mtu anapanda mikoko, picha zinapigwa, watu wako kwenye tope hadi magoti, miche elfu kadhaa kwa siku. Ufilipino wamefanya hivyo kwa miongo na Jurgenne Primavera, mwanasayansi wa hukohuko, alipokuja kufuatilia na mwenzake akaandika mwaka 2008 kwamba miche inayopona kwa muda mrefu kwa ujumla ni asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu ni za kuumiza. Sehemu zinazofaa zilishageuzwa mabwawa ya kufugia samaki na zina wenyewe, kwa hiyo wapandaji wakasukumwa kwenye tope la mbele baharini na kwenye majani ya bahari, ambako mikoko haijawahi kuota. Halafu kati ya aina za mikoko wakachagua ile inayoitwa mkoko wenyewe kwa sababu tunda lake ni refu, unalichomeka tu kwenye tope umemaliza, wakati upande wa baharini kwa asili wanaotangulia ni mlilana na mchu, aina nyingine za mikoko, ambao kuotesha miche yao kuna kazi.

Sasa niambieni ni mvuvi gani hajui mlilana unakaa wapi na mkoko unakaa wapi? Anapita hapo na mtumbwi kila siku, anajua maji yanapanda mpaka wapi na wimbi linapiga wapi. Angeulizwa kabla angesema hapa hapaoti. Lakini kaitwa siku ya kupanda, hakuitwa siku ya kuchagua eneo, na mradi ulitaka idadi ya miche iliyochomekwa, haukuhesabu miti iliyosimama baada ya miaka 5.

Upande wa pili kuna Mikoko Pamoja, ghuba ya Gazi, pwani ya kusini ya Kenya. Pale taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, ilikuwa inafanya utafiti wa mikoko miaka mingi kabla, na watafiti kama James Kairo walikuwa wanajulikana kijijini, sio wageni wa wiki moja. Mradi wenyewe wa kuuza hewa ukaa, yani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, ulianza 2013, hekta 117, vijiji vya Gazi na Makongeni, unasimamiwa na kamati za wanakijiji, hela inayopatikana wanakijiji wanakaa wanaamua wenyewe iende kwenye nini, na ikaenda kwenye maji na shule. Chuo cha Edinburgh Napier kipo upande wa vipimo. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hekta 117 sio msitu mkubwa, na naupenda kwa sababu hiyohiyo, maana kila mtu anaweza kuuzunguka akauona na akijua mti umekatwa anajua umekatwa wapi.

Msomaji Kimya

Huwa nasoma tu sichangii ila hapa nimeshindwa. Mnaongea kana kwamba mkishapata majibu kazi imeisha. Kujua bila uwezo ni mateso mengine.

Someni Bangladesh. Miaka ya 70 na 80 watu walihamasishwa kuchimba visima vya bomba ili waache maji ya madimbwi yaliyokuwa yanaua watoto kwa kuhara. Nia nzuri kabisa. Hakuna aliyepima aseniki, sumu ambayo ilikuwepo ardhini kwa asili. Ikagundulika rasmi kwenye visima 1993. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafanyika kampeni ya kupima karibu visima milioni 5, chenye aseniki juu ya kiwango cha nchi, maikrogramu 50 kwa lita, mdomo wake unapakwa rangi nyekundu, kilicho salama kijani. Visima milioni 1.4 vikapakwa nyekundu. Kumbukeni kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 10, kwa hiyo hata baadhi ya vya kijani sio vya kuringia.

Kuna kitu kizuri kilitokea. Aseniki haikai sawasawa, kisima chako kinaweza kuwa kibaya na cha jirani hatua chache tu kikawa kizuri, inategemea na kina na tabaka la mchanga. Kwa hiyo familia nyingi zilipojua zikahamia kisima cha jirani, bila mtambo, bila mfadhili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliopima maelfu ya visima eneo la Araihazar kuanzia 2000 walifuatilia hilo kwa karibu. Rangi ya kupaka tu imeokoa watu.

Lakini ambaye jirani zake wote ni wekundu afanyeje? Anaangalia nyekundu kila asubuhi na anachota maana hana pengine. Dawa yao ni visima virefu, vile vya mita 150 na zaidi mara nyingi ni salama, na serikali ikachimba vingi. Mwaka 2016 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch likatoa ripoti kwamba vingi viliwekwa karibu na wenye vyeo na marafiki zao, sio palipo na aseniki nyingi. Ramani ya kisayansi ipo, inaonyesha shida iko wapi, na kisima kinachimbwa uani kwa mkubwa. Kokoto, kwenye vipimo vyako viwili ongeza cha tatu, nani ana nguvu ya kuamua majibu yakishapatikana.

Kokoto (mleta uzi)

Msomaji Kimya usikae kimya tena tafadhali. Hilo nimelipokea, ni kweli kabisa.

Ila ningesema hivi, mahali ambapo swali lilikuwa la wananchi tangu mwanzo, nguvu ya kudai huwa inakuwepo tayari majibu yanapofika, maana wamekusanyana ili kuuliza. Flint walikuwa wameshaandamana kabla chupa hazijafika. Majibu yakiwakuta watu wamejipanga yanakuwa silaha, yakiwakuta kila mtu kwake yanakuwa hofu tu. Na hata Flint sio hadithi tamu mwanzo mwisho, mwaka 2018 baadhi ya wakazi na wanaharakati waliandika barua ya wazi kumlalamikia Edwards huyohuyo, ugomvi ukiwa nani anasema kwa niaba ya mji. Ndio maana nasema kubalianeni mapema, iandikwe, hata kama mtafiti ni mtu mzuri kiasi gani.

mama_wawili

Jamani mimi naomba mniambie la kufanya kwa vitendo, mambo ya nje nimeyaelewa. Kwetu sasa hivi shida sio mto tena, kuna kiwanda kinatoa moshi usiku, kuna siku unanuka kama mayai yaliyooza, mtoto wangu mdogo kifua kinabana. Tukienda kulalamika wanakuja mchana wanakuta hakuna kitu. Tunaanzia wapi bila mtaalamu na bila hela?

Mpimaji

Mnaanzia na daftari. Nasema kweli, kabla ya kifaa chochote.

Chagueni nyumba kama 8 au 10 zilizotawanyika pande zote za kiwanda, hata zile mnazodhani moshi haufiki, hizo ni muhimu sana kwa kulinganisha. Kila nyumba mtu mmoja anaandika: tarehe, saa harufu ilipoanza na ilipoisha, inanuka nini, ukali wake 0 hadi 5, upepo unatoka wapi, nani kaumwa nini. Na siku isipokuwepo harufu mnaandika HAKUNA, msiache wazi, maana nafasi tupu haijulikani kama hakukuwa na kitu au mliisahau. Upepo msikisie, fungeni utepe mwepesi juu ya mti, muangalie unapepea kuelekea wapi.

Mkiwa na miezi miwili mitatu ya hiyo mnachora saa na upepo, mnaona harufu inakuja saa ngapi na upepo ukitoka upande gani. Hapo mkaguzi akija mchana mnamwekea meza mnamwambia njoo usiku, upepo ukitoka upande huu. Ile ya mayai yaliyooza mara nyingi ni haidrojeni salfaidi, pua ya binadamu inaihisi hata ikiwa kidogo mno, kwa hiyo pua zenu ni kifaa halali cha kuanzia. Ila ikiwa kali sana ghafla ondokeni eneo hilo maana ikizidi inaua nguvu ya kunusa, mtu anadhani imeisha kumbe imeongezeka.

Kifua cha mtoto lakini msisubiri daftari, apelekwe hospitali sasa na karatasi zake zitunzwe.

TopeNaMaji

Kwenye hewa kuna mfano wa ndoo, California 1995, wanasheria wa wakazi wanaoishi karibu na viwanda vya mafuta walitengenezewa kifaa rahisi kikakaa ndani ya ndoo ya plastiki: mfuko maalumu ndani ya ndoo, unanyonya hewa ya kwenye ndoo kwa pampu ndogo, mfuko unajivuta wenyewe hewa ya nje dakika hiyohiyo harufu ipo, unaufunga unaupeleka maabara kutafuta benzini (kemikali ya sumu, sio petroli) na kemikali nyingine za aina hiyo. Huko Norco, Louisiana, wakazi wa mtaa wa Diamond wakiongozwa na Margie Richard, mwalimu, waliutumia pamoja na kelele za miaka mingi, na 2002 Shell ikakubali kuwalipa wahame mtaa mzima. Uzuri wa ndoo ni kwamba inakamata tukio lenyewe, haisubiri ratiba ya ofisi.

Msomaji Kimya

Kuna vile visensa vidogo vya vumbi laini vya kufunga ukutani vinatuma namba kwenye simu, vinafaa?

Mpimaji

Vinafaa kuonyesha mwenendo, lini inapanda lini inashuka na wapi zaidi. Namba yenyewe usiiapie. Vinahesabu chembe kwa mwanga, unyevu ukiwa mwingi matone ya ukungu yanahesabiwa kama vumbi, na usiku wa ukungu ndio mnapokishuku kiwanda. Kikae kwanza wiki kadhaa kando ya mtambo mkubwa unaoaminika, mlinganishe, mjue kinakosea kiasi gani. Hapo ndipo mnapomhitaji mwanasayansi. Na havinusi ile salfaidi, hivyo ni vya vumbi.

Kokoto (mleta uzi)

Mama_wawili, mkishakuwa na daftari la miezi, wewe ndiye utakayemtafuta mtafiti, hatakutafuta yeye. Unakwenda chuo chochote chenye idara ya kemia au afya ya jamii, unasema tuna swali hili na data hii, tunahitaji msaada hapa na hapa. Uholanzi kuanzia miaka ya 70 vyuo kadhaa vilianzisha ofisi kabisa za kupokea maswali ya namna hii kutoka kwa wananchi wasio na hela, wanafunzi wanayafanyia kazi chini ya walimu wao. Marekani jumuiya ya wanasayansi wa dunia na anga, AGU, mwaka 2013 ilianzisha Thriving Earth Exchange ya kuunganisha wananchi na wataalamu wa kujitolea. Mahali pasipo na ofisi hiyo, mwanafunzi wa shahada ya pili anayetafuta mada ya utafiti ni mlango mzuri sana, ana muda na ana msimamizi.

Kabla hajaanza muandikiane karatasi moja tu. Nakala ya data zote inabaki kwenu. Majibu mnaambiwa nyie kwanza, kwa lugha yenu, kabla hayajaenda jarida au ofisi yoyote, na hata yakiwa hayana kitu mnaambiwa hayana kitu. Majina na magonjwa ya watu hayatoki bila mwenyewe kukubali, hapo muwe wakali, maana mtu anaweza kukosa kazi kiwandani kwa sababu ya daftari lenu, au nyumba yake ikashuka thamani. Na akiondoka anamwachia nani kazi. Akikataa kusaini hiyo, muacheni aende.

mama_wawili

Nimeyaandika yote. Nimeshaongea na wenzangu, tuko kina mama saba na mzee mmoja mlinzi ambaye usiku yuko macho, yeye atakuwa mzuri kwa zile saa za alfajiri. Swali la mwisho, daftari liwe moja linazunguka au kila nyumba la kwake? Na mtu akikosea kuandika anafuta?

Mpimaji

Kila nyumba la kwake, na msionyeshane kabla ya mwisho wa wiki, nyumba mbili zikiandika saa ileile bila kuambiana ndio ushahidi wenyewe. Tumieni kalamu ya wino, sio penseli. Aliyekosea asifute wala asichane ukurasa, apige mstari mmoja juu yake, aandike sahihi pembeni na tarehe aliyosahihisha. Kila Jumapili mtu mmoja apige picha kurasa zote kwa simu, zitunzwe sehemu mbili tofauti. Huyo mzee mlinzi mpe saa inayoonekana gizani, na mwambie aandike palepale, asisubiri kukuche.